Sababu Inayobaki Baada ya Kicheko

Katika nchi ile mtu haruhusiwi kujieleza peke yake. Anayetaka kusema mbele za watu kwamba anastahili jambo fulani, liwe shamba, mchumba, cheo au nafasi ya masomo, lazima aje na mtani wake, na mtani asimame mkono wake wa kushoto amcheke. Sheria hii haikuandikwa popote, kwa hiyo hajapatikana mjanja wa kuipindisha. Wageni huiona ni ukatili. Wenyeji huwajibu kwamba nafaka haipimwi pamoja na makapi yake. Kwanza hupepetwa, na upepo wa kumpepeta mwanadamu haujapatikana mwingine ila kicheko.

Zuwena aliijua sheria hiyo kama aijuavyo kila mtoto wa Chini. Chini ni nusu ya nchi iliyo kando ya bahari, na Juu ni nusu iliyopanda mlimani. Watu wa nusu hizi mbili ni watani kwa sababu mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakapatana kwamba tangu siku ile wataumizana kwa ulimi tu, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani akaivaa. Anaweza kuja msibani kwako, akajinyoosha mkekani kama marehemu, akadai uji. Hukasiriki. Ukikasirika umekiri kwamba alichosema ni kweli.

Aliitwa siku iliyo baina ya Jumanne na Jumatano, ambayo nchi ile huitumia kwa mambo yasiyo na tarehe. Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Chuo kilikuwa na nafasi moja ya ufadhili: ada, malazi, chakula na vitabu mpaka mwisho wa masomo. Kila mtu husimama mbele ya Mizani mara moja tu maishani. Akipewa, mlango wa chuo ulio nyuma ya Mizani humfungukia. Asipopewa, hurudi alikotoka, na rufaa hakuna. Zuwena hakuwa na njia nyingine ya kuingia chuoni, wala hakuwa na jambo jingine alilolitaka kwa kiasi hicho. Alikuwa ameandaa sababu tatu, kila moja imenyooka kama uzi wa mwashi.

Mtani aliyepangiwa kwa kura alikuwa mlangoni, anakula muhogo wa kuchoma. Alikuwa mtu wa Juu, jina lake Mahimbo, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya korongo.

"Wewe ndiye mtumwa wangu wa leo?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mtani. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umejipamba kama biharusi? Nani atakuoa nawe unanuka dagaa kiasi hiki?"

"Leo sikupita sokoni," alijibu Zuwena, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mahimbo aliacha kutafuna. Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Jamani, nimepewa asiyejua kutaniwa. Nitafia humu ndani leo."

Wakaingia. Ukumbi ule haukuwa na paa, na kuta zake zilikuwa mikeka iliyoning'inizwa. Watu wa Juu na wa Chini walikaa wamechanganyikana, wanamenya njugu. Katikati ilisimama Mizani: boriti ndefu, na badala ya sahani, nyungo mbili. Ungo wa kulia ulibeba jiwe la ukubwa wa kichwa cha ndama. Ungo wa kushoto ulikuwa mtupu, uko juu hewani. Kando yake alikaa Mpimaji, ambaye hakuwa na uso wake mwenyewe. Kila aliyesimama mbele yake alimwona na uso wa mtu ambaye moyoni alitaka kumpendeza. Zuwena alipoinua macho alimwona mwalimu mkuu wa shule yake, na ndevu zake zile zile za pembeni.

"Eleza," alisema Mpimaji, "kwa nini unastahili."

"Nilikuwa wa kwanza darasani miaka yote."

Alipotamka hivyo miguu yake ilipungua ndani ya viatu. Akajitazama, akajiona katika sare ya shule, magoti yamejaa vumbi, ana miaka kumi na miwili. Hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu katika ukumbi ule anayesema ya wakati fulani huwa wa wakati huo, na neno likishatamkwa huanguka likawa kitu. Neno la Zuwena lilianguka katika ungo wa kushoto likawa lundo la magamba ya samaki yanayong'aa. Ungo ukashuka kidogo.

"Wa kwanza!" alisema Mahimbo, akazunguka Mizani kama anayekagua ng'ombe wa mnadani. "Hongera, mtumwa wangu. Na darasani mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Na kati ya hao tisa, msimu wa dagaa ukifika, waliokuwa wakija shule ni wangapi?"

Zuwena alifikiri. Uongo haukuwa kazi yake. "Wawili. Mimi na Tausi."

"Na Tausi alishika nafasi ya ngapi?"

"Ya pili."

Ukumbi ulipasuka. Kicheko kilitoka pande zote mbili kikapita juu ya Mizani kama upepo wa kusi, na magamba yakaruka, yakametameta angani, yakaenda zake. Moja lilinasa katika ndevu za mwalimu mkuu, naye akalibandua taratibu akalitupa. Ungo wa kushoto ukapanda tena.

"Huyo Tausi yuko wapi?" mama mmoja wa Chini alipaza sauti, machozi ya kucheka yakimtoka. "Mleteni naye, tumpe nishani ya mwisho!"

Zuwena hakukasirika. Alikuwa amesahihishwa, na kusahihishwa hakukuwahi kumuudhi. Akatoa sababu ya pili.

"Nikisoma, nitarudi kuwatumikia watu wangu."

Safari hii mgongo ulipinda, na nywele zilizotokeza chini ya mtandio wake zikawa nyeupe. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na miwani puani. Mpimaji naye alibadilika, akawa diwani wa kata yao, anatabasamu kabla hajaambiwa neno. Katika ungo kuliumuka povu, jeupe, likapanda, likajaa mpaka likamwagika pembeni. Lilikuwa jingi sana. Mizani haikutikisika hata kidogo.

Mahimbo alichovya kidole katika povu, akakilamba, akakunja uso. "Mtazameni. Amezeeka tayari na bado hajarudi!"

"Nitarudi."

"Mtani, nani aliwahi kusema hatarudi? Njia ya kwendea chuo imekuwa shimo kwa nyayo zenu. Ya kurudia imeota majani, na sisi wa Juu ndiko tunakolishia mbuzi. Wamenona! Kila sikukuu tunachinja, tunasema, Mungu awabariki wasomi wa Chini kwa malisho haya."

Kuna mzee alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Povu lilipasuka vipovu vipovu, na ungo ukabaki na unyevu tu, kama ukuta ulioguswa na mkono uliolowa.

Ndipo Zuwena alipoogopa. Alikuwa amebakiwa na sababu moja, na hiyo alikuwa ameiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa alijua uzito wake. Hakuna aliyewahi kuisikia akabaki vile vile.

"Baba yangu alikuwa mchimba visima," alisema. "Kisima chetu kilipoanza kutoa chumvi aliteremka kukichimba zaidi. Alisema maji matamu yako chini zaidi. Kila alipoteremka chumvi ilizidi, naye akazidi kuteremka. Kuta zikamwangukia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba."

Alikuwa na miaka tisa. Mikono yake ilikuwa midogo, imefumbwa mbele ya kifua, vidole vimeshikilia hewa. Kilichoanguka katika ungo kilikuwa blanketi lililolowa maji, zito, jeusi, nalo lilipotua ungo ulishuka kwa kishindo mpaka ardhini, na jiwe la upande wa pili likarushwa juu likaning'inia.

Watu wote wakamtazama Mahimbo.

 Mahimbo akakaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Mtani alikuwa analia.

Mpimaji alisimama. Sasa alikuwa na uso wa mama yake Zuwena. Aliliinua blanketi kwa mikono miwili, akalitoa katika ungo, akalikunja vizuri, akaliweka kando. "Kisichopepetwa hakipimwi," alisema.

"Lakini ni kweli," alisema Zuwena. "Kila neno ni kweli."

"Najua ni kweli, mwanangu. Uchungu haudanganyi, ndiyo sababu tunauogopa. Ukiingia katika mizani hakuna kingine kinachosomeka. Ningekupa nafasi kwa ajili yake, kesho angekuja mwenye uchungu mkubwa zaidi, na keshokutwa watu wangeanza kuutengeneza. Umebakiwa na neno?"

"Nisamehe, mtani," alisema Mahimbo kutoka chini ya kofia. "Nimetafuta kicheko humo, sikukiona."

"Hukukosea wewe," alisema Zuwena. "Nimekupa kisichochekeka."

 Watu wa nchi ile humpa mtu muda wa kufikiri. Wanamenya njugu zao, hawamharakishi.

Aliyafikiri mambo kwa mpangilio, maana ndivyo alivyofikiri daima, hata katika hofu. Anayestahili kusoma ni nani? Ikiwa ni mjuzi, chuo hakimhitaji wala yeye hakihitaji chuo. Ikiwa ni asiyejua, basi hakuna kiumbe asiyestahili, na kuku wa barabarani wapewe ufadhili kwa zamu. Tena, ni nani hasa aliyekuja hapa kuomba? Sababu ya kwanza ilitolewa na msichana wa shule ambaye hayupo tena. Ya pili ilitolewa na bibi ambaye hayupo bado. Ya tatu ilitolewa na mtoto aliyeshika kamba, na yeye hakuwa anaomba masomo, alikuwa anaomba kamba ivutwe tena kutoka chini. Wa jana ana sifa lakini hana haja. Wa kesho ana faida, lakini ni nani aliyemwona? Wa leo ndiye peke yake aliyepo, anapumua, kiatu cha kulia kinambana, na katika hotuba nzima aliyoiandaa hakumpa hata sentensi moja. Amekuja kumwombea kila mtu isipokuwa huyu. Na huyu ana nini? Akampekua, kama mtu anavyopekua mifuko ya koti lake mwenyewe akijua hakuna fedha. Hakukuta cheti wala ahadi. Alikuta jambo moja dogo lililokuwa likimkera kwa miaka mingi, ambalo hakuwahi kulihesabu kuwa mali kwa sababu lilikuwa na umbo la upungufu. Kuna mambo asiyoyajua mtu yasiyomsumbua, hayo ni kama giza la nyumba ya jirani. Na kuna asiyoyajua yanayokaa ndani yake kama chembe ya mchanga jichoni, yana mahali, yana ukubwa, na mwenyewe anaweza kukuonyesha yalipo. Hilo la pili huitwa swali, na mwenye nalo ana kitu.

Alipojitazama aliona viatu vyake vinamtosha, yaani vinambana kama kawaida. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akainua macho kwa Mpimaji, na mbele yake alikaa mtu ambaye hajawahi kumwona, si mwanamume wala si mwanamke aliyemjua, uso wa kawaida wa mtu anayesubiri kusikia.

"Kwetu kuna visima viwili," alisema Zuwena. "Ukiwa kwenye kimoja unaweza kurusha kokoto ikafika kwenye kingine. Cha kushoto kina chumvi, cha kulia ni kitamu. Udongo ni mmoja, mvua ni moja. Nimeonja vyote, asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Sijui kwa nini. Nataka kujua."

Katika ungo ilitua ndoo. Ndoo ya kawaida, ya bati, imejaa maji nusu. Ungo ulishuka ukasimama katikati ya safari, hauko juu wala chini.

Mahimbo alivua kofia usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini kitu kilianza kuamka ndani yake, kama jogoo aliyesikia mwenzake. Akainuka, akajipangusa matako.

"Ngoja. Ngoja kwanza, nielewe. Unataka chuo kizima, na walimu wake, na maktaba yake, na wali wa Ijumaa, kwa sababu ya ndoo moja ya maji ya chumvi?"

"Ndiyo."

"Si mngeitia dagaa mkachemsha, mkaokoa chumvi ya dukani?"

Kicheko cha kwanza kikavuma. Maji katika ndoo yalifanya mawimbi, ndoo ikabaki.

"Mtoto wa watu anaonja visima asubuhi na jioni!" Mahimbo alizidi, sauti imemrudia yote. "Wenzake wanaonja mapenzi, yeye anaonja visima! Ndiyo maana hujaolewa. Mchumba akija unamwambia, ngoja kwanza nikuonje, huenda una chumvi!"

Watu walianguka wakaegemeana. Mikeka ya ukutani ilipeperuka. Ndoo ilicheza juu ya ungo, ikalia kwa mpini wake, ikatulia pale pale. Zuwena alihisi kitu kigeni kinamtekenya mbavuni, akakaza midomo.

"Nikuulize la mwisho, mtani," alisema Mahimbo akifuta jasho. "Cha kulia si kitamu? Mbona usinywe cha kulia ukanyamaza?"

"Kwa sababu cha kulia nacho kimeanza chumvi," alisema Zuwena. "Mwezi huu. Kwa sasa ni kidogo tu. Wengine hawajaigundua."

Vicheko vikakatika. Watu wa Chini waliokuwa ukumbini walitazamana, mmoja mmoja. Yule mama aliyemtaka Tausi aliweka njugu zake chini. Ndoo sasa ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na ungo ulikuwa unashuka, unashuka, lakini Mpimaji alikuwa amekwisha kuinuka, mikono tayari, kwa kuwa sheria ilikuwa sheria. Hakuna aliyecheka, na kisichochekwa hutolewa.

Zuwena alimtazama Mahimbo. Hakuweza kumwomba. Mtani hawezi kuombwa kicheko.  Alimwona anatazama ndoo, anawatazama watu wa Chini, anawatazama ndugu zake wa Juu, na mabega yake yakaanza kutikisika kama mwanzo, na Zuwena akasema moyoni, amekwisha.

"Hebu!" Mahimbo aliguta. "Mpimaji, kaa chini! Mpeni huyu nafasi haraka! Haraka, nawaambia! Hivi hamwoni? Kisima cha pili kikiharibika, hawa watapanda mlima na ndoo zao, watakuja kunywa kwetu, wafikie kwetu, walale kwetu, wanuke kwetu! Mimi kwangu nina chumba kimoja! Msomesheni, nawasihi, ili wabaki huko huko waliko!"

Kwanza alicheka yule mama wa Chini, kicheko cha mtu aliyekuwa ameshika pumzi. Kisha watu wa Juu, kisha wote, wakapigana mabega, wakaulizana nani atalala kwa nani. Mikeka iling'oka ikaenda. Jiwe lilitikisika. Zuwena mwenyewe alisikia sauti ikimtoka, kubwa kuliko alivyodhani anayo, akashika mbavu akacheka mpaka akapiga magoti. Upepo wote ule uliipiga ndoo kutoka kila upande. Haikumwaga hata tone. Ungo wa kushoto uligusa ardhi polepole, ukatulia.

Mpimaji alikaa. "Imepepetwa," alisema. "Inatosha." Na mlango ulio nyuma ya Mizani ukafunguka.

"Ngoja, usikimbie," Mahimbo alimshika mtandio. "Nina haki yangu. Jambo la kwanza utakalojifunza humo ni langu. Unatoka, unaniletea, nalicheka. Nakusubiri hapa hapa."

Zuwena aliingia. Alikaa ndani mchana mmoja, au miaka miwili. Wa nchi ile hawajakubaliana. Alipotoka alikuwa anakimbia, mikono ina chaki, na Mahimbo alikuwa amekaa pale pale, na muhogo mwingine mkononi.

"Maji ya bahari yanaingia chini ya nchi," alisema kabla hajavuta pumzi. "Yapo chini yetu siku zote, mtani, tangu zamani! Maji ya mvua yanakaa juu yake, hayachanganyiki upesi, yanaelea tu. Ukiyateka mengi mno, kama tulivyokifanyia kwanza kisima cha kushoto, yale ya chini yanapanda. Hatukupaswa kuchimba chini. Tulipaswa kuteka kidogo, mahali pengi."

Mahimbo alisikiliza mpaka mwisho. Alitafuna, akameza, akatabasamu kwa upana wote wa uso wake.

"Nilijua. Matamu ni ya Juu, ya chumvi ni ya Chini. Hata Mungu alipoyapanga maji alitukumbuka sisi."

"Matamu yako juu kwa sababu ni mepesi, mtani," alisema Zuwena. "Yanaelea kama ninyi. Uzito wote uko Chini, na watu wa Chini ndio wanaowabeba."

Mahimbo aliutupa muhogo hewani. "Amejua kutania!" aliwapigia kelele watu wa nusu zote mbili, akirukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Jamani, njooni! Amenitukana! Amejua!"